Fidla tatu, watoto tisa

Mhariri,

Nafundisha watoto tisa fidla hapa Langoni, Lamu, kila Alhamisi baada ya alasiri. Fidla ni tatu. Juzi binti mmoja aliniuliza: yule anayesimama mbele ya okestra na kijiti, mbona hapigi chochote?

Nikamweleza kuwa Gustavo Dudamel wa Venezuela, kiongozi wa okestra kama huyo mwenye kijiti, alianza na fidla, katika mpango wa okestra za watoto ulioasisiwa na José Antonio Abreu mwaka 1975. Kufikia 2009 alikuwa mkurugenzi wa muziki wa Los Angeles Philharmonic, okestra ya Marekani. Kiongozi husoma noti za ala zote kwa pamoja, na sikio hilo hufunzwa utotoni.

Chumba cha kufundishia tumeomba miaka miwili, twazungushwa tu. Binti yule sasa huwahesabia wenzake mapigo kwa penseli, barazani.

Mwalimu wa muziki,
Lamu