Ukienda India, Panda Treni ya Pwani: Safari Tunayowashauri Wateja wa Malindi

Wateja wengi wa ofisi yetu ya usafiri hapa Malindi wanaokwenda India huenda kwa matibabu au kununua bidhaa. Wakirudi tukiwauliza habari za huko, wanatueleza hospitali, hoteli iliyo karibu na hospitali, na maduka ya vitambaa. Mgonjwa ana udhuru wake. Lakini mara nyingi ameandamana na ndugu wawili watatu wazima, na daktari akisema mgonjwa apumzike siku kadhaa kabla ya kurudi, hao ndugu hushinda chumbani na televisheni. Wengine huruka na ndege ya ndani kutoka Mumbai hadi Kochi, mji wa kusini, kama saa mbili, na dirishani ni mawingu tu. Jambo hili linatuuma, kwa sababu pwani wanayoiruka ina historia moja na Malindi kwa zaidi ya miaka 500, na ipo reli inayoifuata mpaka mwisho.

Sehemu ya kaskazini ya safari hiyo ni reli ya Konkan. Kwa muda mrefu eneo lile halikuwa na reli, maana milima ya Ghats ya Magharibi imekaribiana na bahari na mito inashuka kwa kasi kila baada ya mwendo mfupi. Ujenzi ulianza mwaka 1990 ukiongozwa na mhandisi E. Sreedharan, na njia yote ya kilomita 741 ikakamilika Januari 1998. Ina mahandaki zaidi ya 90. Moja, la Karbude, lina urefu wa kilomita sita na nusu: unakaa gizani mpaka unasahau nje kuna jua, kisha ghafla unatokea kwenye mashamba ya mpunga na minazi. Karibu na Ratnagiri treni inavuka bonde la Panval juu ya nguzo zenye kimo cha mita 64. Mwoga wa vimo asiangalie chini, ila sisi tunaona asipoangalia amejinyima.

Kutoka Mumbai tunapendelea treni ya Jan Shatabdi inayoondoka alfajiri, kwa kuwa kuna behewa lenye paa la vioo na viti vya kuzungushwa, na unafika Madgaon, Goa, mchana wa siku hiyo hiyo. Ukikata behewa la kawaida, omba dirisha la kulia kama unaelekea kusini. Upande huo ndio wa bahari, ingawa kwa sehemu kubwa utakachoona ni midomo ya mito, mikoko na mashua za wavuvi. Mtu wa Ngomeni au Mida atajiona yuko kwao.

Goa wengi huijua kwa fukwe. Fukwe tunazo. Tunachokuombea usikikose ni Goa ya Kale. Kila anayeishi Malindi amepita karibu na lile kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, kando ya bahari, lenye makaburi uani. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmishonari Mkatoliki, alitua hapa akielekea Goa, na msafiri mmoja aliyefia melini akazikwa Malindi. Xavier mwenyewe alifariki mwaka 1552 katika kisiwa kilicho jirani na China, na mwili wake umehifadhiwa mpaka leo katika Kanisa la Bom Jesus, Goa ya Kale. Uwe Mwislamu, Mkristo au Mhindu, kusimama mbele ya jengo lile huku ukilikumbuka la kwetu la makuti kunakuonyesha jinsi Wareno walivyoigawa bahari hii: Malindi kituo cha kupumzikia, Goa makao makuu.

Ukitoka Goa, treni inapita Karwar. Nje ya pwani hiyo kuna kisiwa cha Anjediva, na hapa hadithi ya mnara wetu wa Vasco da Gama inapata nusu yake ya pili. Baharia huyo Mreno aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi likianza, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Wengi wetu tuliambiwa ni Ibn Majid, baharia Mwarabu mashuhuri. Wanahistoria wengi leo hawakubali, na mwandishi mmoja wa Kireno anamtaja kuwa ni mtu wa Gujarat. Siku kama 23 tu, wakaiona India. Kurudi ikawa balaa. Aliondoka Anjediva mapema Oktoba, kaskazi haijashika, akatangatanga baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, ugonjwa wa fizi wa kukosa matunda, kabla ya kuifikia Malindi Januari 1499. Mfalme wa hapa akawapa machungwa. Manahodha wa pwani hii wangemwambia asubiri upepo.

Kozhikode, ambayo vitabu vya zamani huiita Calicut, ndiyo tunayoipenda kuliko zote, kwa hiyo tunashauri ulale siku mbili. Ndiko Vasco da Gama alikomletea Zamorin, mtawala wa mji, vitambaa vya mistari, kofia, mabeseni, sukari na asali. Maofisa wakacheka: mfanyabiashara fukara wa Makka angeleta zaidi. Nenda mtaa wa Kuttichira ukauone Msikiti wa Mishkal, wa ghorofa, wa mbao, hauna mnara, na paa lake ni la vigae. Wareno waliuchoma mwaka 1510, ukatengenezwa. Jioni, pita mtaa wa halua: zimekatwa mapande, nyekundu, kijani, nyeusi, zinang'aa kwa mafuta, na muuzaji anakukatia uonje kabla hujauliza bei. Ni ngumu kidogo kuliko ya kwetu. Na huko Beypore, kilomita chache kusini, mafundi bado wanaunda majahazi makubwa ya mbao za msaji bila michoro ya ujenzi.

Kochi ni mwendo wa saa nne hivi. Vasco da Gama alifia hapo Desemba 1524, na kaburi lake la kwanza limo katika Kanisa la Mtakatifu Francis, ingawa mifupa ilihamishiwa Ureno.

Sasa ya ofisini. Tiketi za kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari na hujaa upesi. Ukiwa kwenye orodha ya kusubiri huruhusiwi kupanda behewa lenye nafasi za kulipia mapema, kwa hiyo tuletee pasipoti mapema. Wazee tunawaombea kitanda cha chini. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla. Asiye nayo huwekwa karantini. Kati ya Juni na Septemba mvua ni kubwa na treni huenda polepole. Milima huwa kijani ajabu, lakini mwenye ndege ya kuunganisha siku hiyo hiyo hatumkatii tiketi hiyo. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji naye hatumpangii treni mpaka tuone barua ya daktari wake. Ndugu zake tunaweza kuwapangia hata kipande kimoja, Kochi hadi Kozhikode na kurudi, wakalala usiku mmoja.