Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Matokeo ya Darasa la Saba na Suala la Anwani za Uongo

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Ninawaandikia nikiwa na furaha ambayo sijaipata kwa miaka kadhaa ya kuiongoza shule hii. Watahiniwa wetu 143 walifanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi mwezi Septemba, na 139 kati yao wamefaulu. Hisabati, somo ambalo mwaka juzi lilituaibisha mbele ya kata nzima, safari hii limeshika nafasi ya pili nyuma ya Kiswahili. Siku matokeo yalipotangazwa, watoto waliizunguka simu ya mwalimu wa taaluma chini ya mwembe, na mama anayetupikia uji aliacha sufuria jikoni akaja kusikiliza kama jina la mjukuu wake limo. Limo. Nilipomwona akijifuta machozi kwa pindo la kanga, niliwakumbuka walimu waliokuja shuleni kila Jumamosi tangu Februari bila kudai hata nauli, na ninaomba mkikutana nao njiani muwape asante yao.

Ripoti za maendeleo ya wanafunzi zimetolewa, tarehe ya kufungua shule imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na waliobakiza mchango wa uji tuliokubaliana katika mkutano wa wazazi waumalize Januari.

Sasa naja kwenye jambo lililotusumbua muhula mzima. Shule ya serikali hupangiwa vyumba na walimu kutokana na maoteo ya uandikishaji, yaani makadirio ya watoto watakaoandikishwa, na maoteo hayo hutokana na hesabu ya watoto wanaoishi katika mitaa inayotuzunguka. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Mkondo mmoja wa Darasa letu la Kwanza una watoto 96, watano wakibanana kwenye dawati la watatu, na wengine huandika wakiwa wameweka daftari juu ya magoti. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 tulipokea watoto wengi waliokuwa na haki ya kuja, na hao tutaendelea kuwapokea kwa mikono miwili. Ninaowazungumzia hapa ni wazazi wanaoishi mbali, ambao badala ya kufuata utaratibu wa uhamisho au kuomba nafasi kwa uwazi, walituletea barua za uongo za utambulisho wa mtaa, zikidai wanaishi hapa.

Wazazi wawili walifika ofisini kwangu mwezi Agosti, kila mmoja kwa wakati wake, wakaeleza kwa utulivu walichokiona kwa macho yao. Tulipofungua majalada tulikuta barua 11 zenye namba moja ya nyumba. Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mtendaji wa Mtaa nami tulikwenda Jumamosi kuitafuta nyumba hiyo, maana tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 kila nyumba ina kibao chake. Tulikuta gereji. Fundi aliyekuwa chini ya gari alitoka akatuonyesha kibao ukutani, akatuambia hapo hapajawahi kulala mtoto. Mihuri ya barua hizo nayo ilikuwa na neno “Mtendeji”, kosa ambalo ofisi ya mtaa haijawahi kuwa nalo. Mtendaji amelifikisha suala hilo polisi, kwa sababu kughushi nyaraka ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na mzazi anayewasilisha waraka anaojua ni wa kughushi hawezi kujitetea kwamba hakuugonga muhuri yeye.

Nawashukuru wazazi wale wawili. Lakini habari ilipovuja, wengine walifanya jambo ambalo limeniumiza kuliko barua zenyewe. Karatasi zisizo na majina zilianza kusukumwa chini ya mlango wa ofisi, na katika kundi la WhatsApp la wazazi wa Darasa la Tatu ilitumwa picha ya mtoto wa kike akishuka kwenye daladala. Asubuhi iliyofuata mtu mzima, mzazi mwenzetu, alimsimamisha mtoto huyo getini mbele ya wenzake akamwambia, “Wewe si wa hapa, rudi kwenu.” Mtoto huyo anaishi kwa bibi yake, mtaa wa pili kutoka shuleni, tangu akiwa na miaka mitatu, siku ile ya picha alikuwa akitoka kliniki. Bibi alikuja kwangu na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua halali ya mtaa, vyote amevifunga kwenye kitambaa, akavipanga mezani kimoja kimoja bila kusema neno. Nilimwomba radhi kwa niaba ya shule. Mzazi aliyehusika bado hajaomba, na ninamngoja.

Kwa hiyo naagiza hivi. Anayeishi na mlezi wake hapa ni mkazi wa hapa, hata kama wazazi wake wako Songea. Mwenye shaka aje kwangu au kwa Mwenyekiti wa Kamati, aseme alichokiona na si alichosikia, na ajitambulishe; jina lake litabaki ofisini. Karatasi isiyo na jina sitaifanyia kazi. Atakayempiga picha mtoto au kumhoji njiani ataitwa mbele ya Kamati, awe na ushahidi au asiwe nao, kwa kuwa mtoto hakuandika barua yoyote.

Watoto wa barua zile 11 hawatafukuzwa. Wazazi wao watashughulikia uhamisho kwa utaratibu kabla ya Januari, na namba za PReM za watoto, yaani namba zao za utambulisho katika mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, zitawafuata huko waendako. Mmoja wao, wa Darasa la Pili, huamka saa kumi alfajiri, hugombea daladala na makonda wasiotaka wanafunzi, na ikifika saa nne amelala juu ya daftari. Tena mjue kwamba wanaochaguliwa kwenda sekondari za kutwa hupangwa kwa kufuata shule ya msingi walikomalizia. Mwaka jana mzazi anayeishi mbali, huko Chanika, alikuja akilia kwamba binti yake amepangiwa sekondari iliyo jirani nasi, na sikuwa na la kumsaidia.

Uandikishaji wa Darasa la Kwanza unaendelea hadi shule itakapofungwa. Mzazi aje mwenyewe na cheti halisi cha kuzaliwa, barua ya Serikali ya Mtaa na namba ya nyumba anayoishi. Safari hii kila nyumba tutaifikia kabla jina halijaingia kwenye rejesta.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu