Mjomba, ile kadi niliyoikata

Mjomba,

Tangu arobaini ya Bibi hujanipigia, na ujumbe wangu unausoma hujibu. Basi naandika hapa, unapopita kila siku. Jina lako silitaji.

Sinia la haluwa lilikuwa mezani, wazee hawajamaliza hata dua, ukaitoa ile leseni bandia ya udereva mfukoni ukawapa wadogo zako waishike. Picha yako, jina lako, miaka 23. Wewe una 20. Wakaigeuzageuza, wakaimulika kwenye taa. Kisha yule wa miaka 16 akakuuliza inapatikana wapi, ukamtajia tovuti na bei, ukamwambia mkiagiza wawili wanapunguza. Hapo ndipo niliposimama kutafuta mkasi. Mpaka leo sauti yako ukimtajia mtoto ile bei hainitoki.

Ukasema, "Mjomba, plastiki tu hiyo, chuoni wote wanazo." Wengi wanazo, sikatai. Katika uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, watu wa forodha walikamata leseni bandia 19,888 ndani ya miezi 6 ya mwanzo ya 2020, nyingi zikitoka China na Hong Kong, na nyingi zikienda kwa vijana wa rika lako. Lakini wenzako hao wengi ni raia. Wakikamatwa, baba anatafuta wakili, mwaka unapita, yameisha. Wewe uko Marekani kwa F-1, viza ya mwanafunzi. Kosa ni lile lile, ila lako linasomwa mara mbili: mahakamani, halafu uhamiaji.

Uliniambia ni faini tu. Faini ipo. Kwa sheria ya pombe ya jimbo la New York, aliye chini ya miaka 21 akitumia kitambulisho cha uongo kununua pombe, mara ya kwanza faini haizidi dola 100, na anaweza kupewa kazi za jamii zisizozidi saa 30. Ingekuwa inaishia hapo ningekuacha uchome hela zako. Lakini leseni ni hati ya serikali, na kuwa na hati ya serikali ya kughushi, unajua ni ya kughushi na unakusudia kumdanganya mtu, ni kifungu cha 170.25 cha sheria ya jinai ya jimbo hilo. Hiyo ni feloni, yaani kosa kubwa la jinai, ya daraja D, kifungo hadi miaka 7. Uandikiwe lipi kati ya hayo mawili, wewe huna kauli. Ni askari na mwendesha mashtaka. Kwa lile jepesi unapewa karatasi ya kufika mahakamani, unarudi bwenini. Kwa feloni unachukuliwa alama za vidole, zinapelekwa Albany, makao makuu ya jimbo, kisha FBI, wapelelezi wa serikali kuu, na huko FBI watu wa uhamiaji wanaziona bila mtu yeyote kuwapigia simu.

Na usiniambie mashine ya baunsa iliikubali. Mashine nyingi za mlangoni zinasoma tu ile mistari ya nyuma ya kadi na kupiga hesabu ya umri, na aliyetengeneza kadi ndiye aliyeandika kilichomo kwenye hiyo mistari. Askari akiingiza namba kwenye kompyuta ya gari lake, idara ya leseni haikujui. Kuazima kadi halisi ya binamu yako nako si nafuu, maana hapo umejifanya mtu mwingine, ukamtia na yeye matatani.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalowaponza watoto wetu. Mwendesha mashtaka anakuja na neno tamu: kiri kosa leo, ukae vizuri mwaka mmoja, kesi tunaifuta. Kwa jimbo imefutika. Kwa uhamiaji, ukishakiri na hakimu akakuwekea sharti lolote, umetiwa hatiani, na kufutiwa baadaye hakukuokoi. Tofauti ni kesi kuahirishwa kwa miezi 6 ili ifutwe bila wewe kukiri chochote. New York utaratibu huo upo kwa makosa madogo, na huo hauhesabiwi kuwa hatia. Kwa hiyo usikiri kitu kabla hujamwambia wakili kwamba wewe si raia. Hata wakili wa kupewa na mahakama anawajibika kukueleza athari za kufukuzwa nchini. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua hivyo 2010. Kesi ikiisha, chukua kwa karani nakala zenye muhuri zinazoonyesha ilivyoisha, zaidi ya moja, uzitunze na pasipoti.

Maana swali litarudi. Fomu ya viza, DS-160, haiulizi kama umefungwa. Inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama ulisamehewa. Ukijibu hapana na vidole vyako vinasema ndiyo, umeongeza uongo juu ya kughushi, na huo uongo peke yake unaweza kukufungia mlango. Na viza inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu, kabla hujahukumiwa. Masika ya 2025 maelfu ya wanafunzi wa kigeni walifutiwa kumbukumbu zao za uanafunzi kwa sababu majina yao yalionekana kwenye mafaili ya polisi, wakiwemo ambao kesi zao zilikwisha zamani. Ilibidi waende mahakamani ndipo serikali ikarudi nyuma.

Yule dada wa baa aliyekuwa anakumiminia pombe, ulimfikiria? Kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 21 New York ni kosa la jinai la muuzaji mwenyewe. Pengine naye anasubiri makaratasi.

Najua kinachokuuma. Nilimpigia mama yako Tanga usiku ule ule. Nilimwambia habari ya kadi, baa sikuitaja. Akajumlisha mwenyewe. Unaniita mnoko, sawa. Pombe ni baina yako na Mola wako, mimi sikushika mkasi kwa ajili ya pombe. Mama yako aliuza kiwanja cha Pongwe ukapata ada. Ningenyamaza, halafu siku unapigwa stempu ya kurudishwa ningemwambia nini dada yangu? Kwamba nilikuwepo, nikala haluwa?

Labda ningekuita pembeni. Kukata mbele ya wadogo zako, hilo nimelifikiria. Lakini mbele yao ndipo ulipowafundisha.

Huna haja ya kuniomba radhi. Mpigie yule mtoto. Mwambie asitume picha yake, wala saini, wala anwani ya kwao, maana hao wauzaji wakishavipata hawavirudishi. Kama ameshalipa, aziache hizo pesa. Ana kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu Marekani, na siku akiomba uraia fomu itamuuliza lile lile. Mimi nikimwambia hanisikii. Wewe anakusikia.

Koti lako la baridi bado liko nyuma ya mlango.