Bamia, mchemraba na umbo tusiloliona

Mwanangu,

Swali lako la jana kwenye simu limenikosesha usingizi. Uliuliza: umbo lenye vipimo vinne mtu analionaje, na sisi tumezoea vitatu?

Unazikumbuka bamia nilizokuwa nikikukatisha jikoni? Ukiikata kwa upana inatoka nyota, ukiipasua kwa urefu unakuta mbegu zimejipanga mistari. Bamia ni ileile, kisu ndicho kilichobadili njia.

Sasa chukua mchemraba alioueleza Karl Menger mwaka 1926. Ugawe vichemraba 27, toa cha katikati kabisa na vile sita vya katikati ya nyuso, vinabaki 20. Kila kilichobaki kifanyie hivyohivyo, bila kukoma. Ukiutazama usoni ni matundu ya mraba tu. Lakini usimamishe juu ya kona moja, kona ya mkabala iwe juu kabisa, kisha upitishe kisu cha usawa katikati: linatokea umbo la pembe sita lenye matundu ya nyota, kubwa na ndogo, zisizokwisha. Siku niliyoziona mara ya kwanza nilinyamaza kimya. Kwa nje hakuna hata moja.

Kwenye vipimo vinne tumebaki na kisu tu. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba nyingine tuiite c, jibu lirudishe humohumo. Namba ya kuanzia na c zote ni namba changamano, yaani namba zenye sehemu mbili, kwa hiyo kila moja inadai vipimo viwili, jumla vinne. Ukikusanya jozi zote za namba ya kuanzia na c ambazo majibu yake hayakimbilii mbali, unapata fraktali moja, yaani umbo lenye undani usiokwisha kama ule mchemraba, ya vipimo vinne. Shikilia c, mkato unakupa umbo la Julia, yule Mfaransa Gaston Julia aliyeandika habari zake mwaka 1918. Anzia sifuri na uachie c itembee, unapata umbo la Mandelbrot, lililopewa jina la mwanahisabati Benoit Mandelbrot. Watu huzitundika kama picha mbili zisizojuana. Mimi naona bamia moja: c ikiwa ndani ya Mandelbrot, Julia yake ni kipande kimoja, ikiwa nje, imesambaratika kama vumbi.

Jaribu kwa mkono, kuanzia sifuri. c ikiwa −1 unapata 0, −1, 0, −1, haitoki. Ikiwa 1: 0, 1, 2, 5, 26, imeshakwenda. Mpaka upande huo ni 0.25. Kwa 0.26 uwe na subira, hatua 30 hivi. Ikivuka 2, nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako