Wapeni vibali, kazi zipo

Mhariri,

Yuko msomaji wenu aliyedai kwamba wakimbizi na waomba hifadhi ni mzigo kwa miji inayowapokea. Naomba nafasi nimjibu, maana ninaishi katika mmoja wa miji hiyo: Lewiston, jimbo la Maine, Marekani.

Ninafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Ghorofa yetu moja imefungwa. Vitanda vimo, na wazee wanaosubiri nafasi wapo. Wa kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza usiku ndio hawapo. Maine ndilo jimbo lenye wakazi wenye umri mkubwa kuliko yote Marekani, na kwa zaidi ya miaka 10 wanaokufa wamekuwa wengi kuliko wanaozaliwa.

Viwanda vya pamba vya hapa, kando ya Mto Androscoggin, viliendeshwa na wageni walioshuka kwa treni kutoka Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa. Nao hawakupendwa. Mwaka 1919 jimbo lilipiga marufuku kufundishia kwa Kifaransa shuleni. Leo watoto na wajukuu wao ndio wazee wetu. Yupo bibi mmoja ambaye kumbukumbu zimemtoka na Kiingereza chake kimekwenda nazo. Kilichobaki ni Kifaransa cha utotoni. Usiku akiamka na hofu, anayeweza kumtuliza ni mwenzangu wa zamu, kaka kutoka Bukavu. Hukaa kitandani pake, akamshika mkono, wakazungumza mpaka usingizi umchukue.

Kaka huyo alikuwa hapa miezi mingi bila ruhusa ya kufanya kazi. Sheria inakataza aliyeomba hifadhi kupewa kibali kabla ya siku 180 tangu apeleke ombi lake. Mtu mzima mwenye nguvu anakaa chumbani, kodi yake inalipwa na mji, na huku mtaa wa pili mwajiri amebandika tangazo la kazi mlangoni. Gharama hizo zipo, sikatai, na shule nazo zimelemewa kutafuta walimu wa Kiingereza. Lakini mzigo wa kodi hiyo ya chumba umetengenezwa na sheria yenyewe, kisha analaumiwa mgeni.

Viwanda vilipofungwa mji ulisinyaa: wakazi zaidi ya 41,000 mwaka 1970, chini ya 36,000 mwaka 2000. Wasomali walianza kuja 2001, na mwaka uliofuata meya Laurier Raymond akaandika barua ya wazi kuwasihi wazee wao wapunguze wimbi hilo. Hata hivyo waliendelea kuja, na baada yao Wakongo na Waangola. Maduka yaliyokuwa matupu pale Lisbon Street yakapata wenyewe. Sensa ya 2020 ikahesabu watu zaidi ya 37,000.

Seneta Susan Collins wa hapa Maine, wa chama cha Republican, aliwahi kupeleka muswada wa kupunguza ngojangoja hiyo ya kibali cha kazi hadi siku 30. Haukupita. Wasomaji wenu wenye uraia wa Marekani, popote walipo, nawasihi wawapigie simu wawakilishi wao waurudishe. Simu ni dakika chache tu.

Mtunza wazee,
Lewiston, Maine