Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: naomba kishikwambi kirudi darasani

Ndugu Afisa Elimu Msingi wa Wilaya,

Kwa heshima nakusalimu. Nimeandika kupitia kwa mwalimu mkuu, nikaandika tena kupitia kwa mratibu elimu kata. Sijajibiwa. Sasa naandika mbele ya watu.

Jumatatu iliyopita ofisa wako aliingia darasa la kwanza, akakuta kikundi cha watoto wamekizunguka kishikwambi nilichopewa baada ya Sensa ya 2022, wakicheza mchezo wa silabi. Akasema watoto hawaji shule kucheza. Kishikwambi kikafungiwa kabatini, nami nikatakiwa kuandika barua ya kujieleza.

Najieleza hapa hapa. Darasa langu lina watoto zaidi ya mia. Kwa chaki na ubao siwezi kumfikia kila mmoja. Kwenye mchezo ule mtoto akiunganisha "ma", "nda" na "zi", mandazi yanatokea na sauti inamsomea neno. Akikosea hachekwi, anarudia. Kuna binti alikuwa akichanganya b na d tangu Januari. Nikimwita ubaoni, analia. Siku moja, kishikwambi kikiwa bado hakijafungiwa, kengele ya mapumziko imegonga, hataki kutoka: "Mwalimu, nimebakiza hatua moja tu!" Siku hiyo aliandika "baba" na "dada" bila kunakili popote.

Wewe mwenyewe ulituambia kwenye kikao cha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu: mbinu yoyote itakayomfanya mtoto asome, itumieni. Nimeyaandika maneno hayo kwenye daftari langu la vikao.

Wala sikuanza mimi. Mkoani Tanga, kwenye XPRIZE, mashindano ya kimataifa ya kutengeneza programu za kumfundisha mtoto, yaliyofikia tamati 2019, watoto wa vijiji takribani 170 walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi hawakuwahi kukanyaga shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Programu zile ziliachwa wazi, hazinunuliwi. Ilikuwa hapa hapa Tanzania, Ndugu Afisa!

Nahisi mnaogopa kitavunjika, mkaguzi aulize. Kama ni hilo, nipe fomu nisaini, kikivunjika nikatwe mshahara. Lakini kukaa kabatini kinamsaidia nani?

Sikuombi vifaa vipya. Sikuombi fedha. Naomba ruhusa tu, kwa maandishi, kabla muhula haujaisha, maana binti yule bado hajafika kwenye "ng'" na "gh", na ananiuliza kila asubuhi.

Mwalimu wa darasa la kwanza