Mwanangu, kiangazi hiki usiende ghalani

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani tu wazima. Mama yako anakusalimu, na bibi anasema hajaacha kukuombea.

Fomu uliyonitumia ya McNair, ule mpango wa serikali ya Marekani unaowaandaa wanafunzi wa digrii ya kwanza kwa udaktari wa kitaaluma (PhD, si ule wa hospitali), nimeisoma yote. Pale wanapouliza kama mzazi yeyote ana digrii, nimetia alama kwenye "hapana", na sikuona haya. Diploma yangu ya serikali niliyoipata Uvira, Kongo, yaani cheti cha kumaliza sekondari, ndiyo iliyonipa kazi ya kufundisha katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, lakini chuo kikuu sikukanyaga, na mama yako vita vilimkatiza masomo. Mpango huu umewekwa kwa watoto wa watu kama sisi: sheria inataka angalau theluthi mbili ya wanafunzi wake wawe wametoka katika familia zenye kipato kidogo ambazo hakuna mzazi mwenye digrii. Karatasi zetu za kodi nimezipiga picha, pamoja na grini kadi yako.

Nimesoma na habari za mwenye jina. Ronald McNair alizaliwa mwaka 1950 Lake City, South Carolina, enzi ambazo maktaba ya mji haikuwaazima watu weusi vitabu. Akiwa na miaka 9 aliingia, akachagua vitabu vyake, akagoma kuondoka hadi polisi wakaitwa. Alitoka na vitabu mkononi. Alisoma fizikia North Carolina A&T, chuo cha watu weusi, akapata udaktari wa fizikia katika chuo cha MIT mwaka 1976, akafika anga za juu mwaka 1984, kisha akafa pamoja na wenzake sita chombo cha anga Challenger kilipolipuka Januari 28, 1986. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha mpango huu kwa jina lake.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Kwenye simu ulisema kiangazi hiki utafanya kazi ghalani, na ukimaliza mwaka wa nne utatafuta kazi utusaidie, kwa kuwa udaktari ni miaka mingine mitano au sita ya ada. Hapo nisikilize vizuri. Katika masomo ya sayansi hapa Marekani, kwa kawaida chuo kinachokuchukua kwa udaktari kinakufutia ada na kukulipa posho, nawe unafundisha wanafunzi wa chini yako au unafanya utafiti maabara. Posho si kubwa, ila mtu anakula na kulipa pango. Tena idara nyingi zinakupokea moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza. Watu wetu wengi hawalijui hili, maana kule tulikotoka mtu anapanda ngazi moja moja, na kila ngazi ni familia inayouza kitu.

Lakini maombi mengi yanatumwa kama Desemba, ukiwa umeanza tu mwaka wa nne, na wanachotafuta wanaochagua ni mtu aliyekwisha onja utafiti. Maana yake ni kiangazi hiki, hakuna kingine. Sheria inaruhusu mpango ukulipe hadi dola 2,800 kwa mwaka kwa utafiti huo. Ghala litakulipa zaidi, sibishi. Hata hivyo nakuomba uende maabara.

Kuna jambo la pili, na hili naona ndilo zito kwako. Utahitaji barua za maprofesa, mara nyingi tatu. Profesa ataandika nini juu ya binti anayekaa nyuma, anapata alama nzuri na kuondoka kimya? Tulikulea usimkatize mkubwa, usiseme mpaka uulizwe. Adabu hiyo nyumbani iendelee. Huko chuoni, kila wiki profesa ana saa alizotenga kuwangoja wanafunzi, na kwake anayekuja na swali ndiye mwenye heshima. Usiende kusema "nahitaji barua". Soma makala yake moja, hata mara tatu, halafu mwambie: nimesoma kazi yako juu ya virusi vya mihogo, sijaelewa kwa nini mlichukua majani machanga peke yake. Swali hilo linatosha kufungua mazungumzo. Na wewe batobato, ugonjwa unaoletwa na virusi hivyo, unaijua; uliona kambini majani ya sombe (kisamvu) ya bibi yakijikunja na kugeuka manjano. Liandike hilo kwenye insha yako ya maombi, halafu ueleze unataka kuchunguza nini, kwa njia gani. Mateso yetu usiyaweke mbele ya sayansi yako.

Ukianza kazi, daftari la maabara liandikwe kila siku kwa tarehe, hata jaribio lililoshindikana. Mwalimu ninayekuandikia najua thamani ya daftari.

Kanisani wananiuliza kwa nini husomi uuguzi kama wenzako. Hilo niachie mimi.

Pesa unazotutumia, simamisha mpaka Agosti. Nimepata zamu ya Jumamosi kiwandani na mdogo wako ameshalipiwa basi la shule. Ukionana na mkurugenzi wa mpango, muulize ni vyuo gani vinawasamehe wanafunzi wa McNair ada ya maombi, maana ni vingi, na ada za vyuo vinane si mchezo. Muulize pia ni vyuo gani vimeacha kudai GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu, usije ukalipia usichohitaji.

Jumapili baada ya ibada nipigie unisomee hiyo insha. Isome yote, hata sehemu unazodhani sitazielewa.

Baba yako